Taa Kali za Dereva

Dereva wa basi alikuwa akimlalamikia abiria wa kiti cha mbele, fundi umeme wa magari. Muuguzi aliyekaa nyuma yao alisikia kila neno.

“Nimebadilisha waya za taa, nimefunga rilei ya kuziongezea nguvu, umeme unatoka moja kwa moja kwenye betri. Usiku bado naona giza tu!”

Fundi alishazikagua taa hizo kituoni. Zilikuwa kali kiasi cha kukausha nguo. “Kaka, lile bango pale mbele limeandikwa nini?”

“Bango gani?”

Fundi akamtazama machoni. Dereva akaelewa, akashusha sauti. “Usiniumbue, ndugu yangu. Watoto wanakula kwa macho haya haya.”

Muuguzi alibonyeza kengele, akashuka kituo kisicho chake bila kusema neno. Basi likawasha taa, likaondoka na wengine wote.