Mwalimu Nyanchera na Hesabu ya Mnyauko

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Nyanchera wa Suneka, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyetuacha Alhamisi akiwa na miaka sabini na mmoja. Habari zake tumepewa na mumewe, Mzee Ongeri, mkulima wa ndizi aliyeishia darasa la saba.

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Suneka, majirani walimwuliza Mwalimu swali moja: tukizidi kung'oa na kupanda upya, mwishowe mashamba mangapi yatabaki mazima? Mwalimu alikusanya rekodi za misimu mitano. Kila shamba lilikuwa zima, au gonjwa, au limeng'olewa. Akaunda jedwali la uwezekano wa shamba kutoka hali moja kwenda nyingine. Njia yake ilikuwa hii: anza na makisio, yapitishe kwenye jedwali, jibu ulilopata lipitishe tena, na tena, mpaka tarakimu ziache kubadilika.

Lakini kisukari kilikuwa kimempofusha. Basi Mzee Ongeri akashika kikokotoo. Kila alasiri alipiga hesabu, akasoma kwa sauti.

"Zinapanda, zinashuka, Mama Lorna. Zinarudi palepale."

Mwalimu alicheka. "Zinayumba tu. Chukua jibu jipya na la zamani, tafuta wastani, uendelee na huo."

Akafanya hivyo. Zikaanza kutulia.

Baada ya raundi ya kumi na nane, wasikilizaji, kiharusi kikamnyang'anya Mwalimu sauti. Mzee hakujua la kufanya. Akaendelea kusoma. Raundi ya kumi na tisa, vidole vya Mwalimu vikapapasa blanketi.

"Nisimame?" akauliza. "Nimekosea?"

Vidole vikapapasa tena. Angejuaje?

Binti yao Lorna ni nesi. Anasema: "Baba alikuwa ananiita nimwambie ule mkono unasema nini. Hata mimi sikuweza."

Mzee alisoma hadi raundi ya thelathini. Alhamisi asubuhi, Mwalimu akakata roho.

Kesho yake Mzee alifungua daftari, akaona kosa. Raundi ya kumi na tisa alikuwa amebadilisha nafasi za namba mbili: ya mashamba magonjwa na ya yaliyong'olewa.

"Nimemharibia kazi yake," alisema, akalia mpaka Lorna akalichukua lile daftari.

Wakamwita Osoro, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ambaye sasa naye anafundisha hesabu. Akakagua kurasa zote.

"Mzee, kosa la raundi moja halidumu. Jedwali ni lilelile, na raundi zilizofuata zimelifuta kosa hilo. Jibu ni sahihi. Kati ya mashamba mia, sitini na mawili yatakuwa mazima."



"Sawa," Mzee Ongeri akasema. "Lakini alikuwa ananiambia nini?"

Osoro akamrudishia daftari.

Mwalimu Nyanchera atazikwa Jumatano nyumbani kwake, Suneka. Mzee Ongeri, Lorna na jamaa wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna mtu wenu ambaye bado anaweza kuwajibu, zimeni redio mkamwulize.