Kibao cha Kimya Tafadhali

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheikh Murshid. Mabwana na mabibi waalikwa. Majirani zangu mliotoka Sidab. Mabinti wa Uganda mnaofanya kazi majumbani mwetu, mliopata mapumziko yenu ya Ijumaa mkachagua kuja kukaa nasi. Na wewe Aflah, mwenyekiti wa klabu hii ya filamu na mjukuu wangu mwenyewe, uliyenitoa nje kwa mlango ule pale: Assalaam alaykum.

Naam, alinitoa. Msicheke, ngojeni kwanza.

Aflah alipoanza kuonyesha filamu hizi za Kimarekani za miaka ya thamanini, zinazotisha na kuchekesha kwa pamoja, alitundika kibao ukutani: Kimya Tafadhali. Siku aliyonitoa ilikuwa filamu ya zulia linalomeza wageni. Mgeni anakaribishwa, anakaa, zulia linamvuta mguu, kwisha khabari yake. Na mwanamke mwenye nyumba, hata mumewe alipomezwa, badala ya kulia anakagua kama rangi haikuharibika! Vijana wametulia tuli, utadhani wako mtihanini. Mie mwanamke wa namna ile nnamjua kabisa, yupo mtaani kwetu, na jamaa zake wamo humu ndani leo. Nikashindwa kujizuia: "We mwanamke, mumeo keshaliwa, wewe unapangusa vumbi!" Namuddu, binti anayefanya kazi nyumbani kwetu, akadakia kwa mshangao wa kwao: "Banange, mama, na huyo wa viatu vyeupe pia amekwisha!"

Kwao Uganda, kaniambia, kwenye vibanda vya video yupo mtu kazi yake ni kusema juu ya filamu mwanzo hadi mwisho. Na sisi tulipokuwa Unguja, kabla ya kuvuka bahari kuja huku, siku za sinema za wanawake peke yao, nani alinyamaza? Wamarekani wale waliotengeneza filamu walikuwa wakijicheka wenyewe kwa uroho wao wa kununua vitu. Sasa kwa nini mtu achekeshwe, halafu azibwe mdomo?

Aflah akatutoa. "Bibi, watu wanataka kusikiliza." Watu gani, baba? Viti vingi vilikuwa vitupu, na mwenye ukumbi keshasema vikibaki hivyo, mwisho wa mwezi anaukodisha ukumbi kwa muuza mapazia. Roho iliniuma, wallahi. Mtoto anakipenda kitu chake, na kinamfia mikononi.

Basi tukakaa kwenye ngazi, mlango wazi, tunachungulia na tunaendelea na maneno yetu. Mmoja wa vijana wale, Nawar, akatoka, akakaa nasi. Akatoka Sinan. Wakatoka wote, ndani akabaki Aflah na mashine yake. Alipokuja mlangoni nilidhani atagomba. Akatutazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi," akasema, "rudini ndani. Na semeni kwa sauti."

Leo tazameni wenyewe! Watu wameegemea kuta kwa kukosa viti, ukumbi huu wa Khuwair ya Kusini sasa ni wa klabu, na yule muuza mapazia yupo safu ya mbele, kaja na wakeze wote wawili. Aflah, mwanangu, umenifurahisha kwa kuwa ulikubali kucheka. Kibao chako nimekitundika chumbani kwangu, juu ya kichwa cha babu yako anayekoroma.

Namuddu, njoo mbele, maikrofoni hii hapa ni yako.

Nakushukuruni nyote kwa kunisikiliza kwa utulivu mkubwa namna hii. Ndio utulivu wa mwisho leo. Zimeni taa, na atakayenyamaza, namtoa nje mie kwa mkono wangu.