Edith Bonareri Oyaro, Mwimbaji wa Jumapili Alasiri

Edith Bonareri alikuja duniani tarehe 12 Mei 1971, Muhuru Bay, katika nyumba iliyokuwa karibu kabisa na uwanja wa kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Stanley Omanga na marehemu Mama Mellen Bochaberi. Hawa walitoka Kisii kuja kuwauzia wavuvi ndizi na vitambaa, wakasema watakaa mwaka mmoja tu, na mpaka leo Mzee anakaa huko huko. Mimi ninayewasomea ni Motari, ndugu mdogo wa babu yake, kwa hiyo Edith alikuwa mjukuu wangu, ingawa baba yake nimempita umri kidogo tu. Nilikuwa natembeza vyungu na vikapu soko hadi soko, na kila nilipopita Muhuru nilimkuta ameongezeka kimo na maneno.

Alisoma shule ya msingi pale Muhuru, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, kisha akaenda sekondari ya wasichana upande wa Migori, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Huko sekondari alifundishwa Kiingereza na Mwalimu Marcella, mama mmoja Mkatoliki mwenye redio ya kaseti na kanda za waimbaji wa Marekani wa zamani, wale wa jazi, wanaoimba taratibu na piano. Mwalimu aliwachezea wanafunzi ili wazoee matamshi. Wenzake walisinzia. Edith aliomba kanda irudishwe nyuma. Aliporudi nyumbani likizo aliniimbia jikoni, mama yake akikoroga uji, na alipotaka kunieleza maneno nilimwambia aache kwanza, niisikie sauti.

Mwaka 1991 alisomea upigaji taipu mjini Homa Bay, akaajiriwa katika ofisi ya ushirika wa wavuvi, na kazi hiyo aliifanya mpaka ushirika ulipovunjika. Lakini watu wengi waliokaa hapa leo hawakumjua kwa taipu. Walimjua kwa ile hoteli ya kando ya ziwa, Jumapili alasiri, akiimba na bendi ndogo ya Dishon Oyaro. Mwenye hoteli alitaka aimbe Ijumaa usiku, siku ambayo wafanyakazi wa ofisi hutoka na kiu. Edith alikuwa Msabato wa kweli, jua la Ijumaa likizama haimbi ila za kanisani. Akamwambia yule bwana achague, Jumapili au hapana. Bwana akachagua Jumapili, akinung'unika, na baada ya mwezi ikabidi aongeze viti.

Namna yake ya kuimba niieleze kidogo, ingawa mimi si mtu wa muziki. Nyimbo zilikuwa za Wamarekani, zimeimbwa na watu wengi kabla babu zetu hawajaona redio, lakini yeye hakuziimba kama kwenye kanda. Alichelewa. Gitaa lilitangulia, naye akaja nyuma polepole, kama mama aliyetajiwa bei sokoni, akaondoka hatua chache, halafu akageuka. Dishon alikuwa akimwuliza jukwaani, "Bonareri, sisi tumeshafika, wewe uko wapi?" Naye anamjibu kwenye kipaza sauti, "Tangulieni mkanitandikie mkeka." Ulikuwako wimbo mmoja wa mvua ambao Wamarekani wanauimba kwa kucheka. Edith aliuimba kama mtu aliyeanika omena yake yote na sasa anaangalia wingu. Wageni wa Nairobi walianza kwa kutabasamu, halafu unaona mmoja anaweka kijiko chini. Alipoulizwa kwa nini ameugeuza, alisema hajaugeuza, ameuleta nyumbani.

Sasa kuna jambo ambalo wakwe zetu wa hapa Kisegi, kwao Dishon, mtanivumilia nilieleze, kwa sababu bila hilo huwezi kumjua Edith. Sisi Abagusii tuna kitu tunakiita ensoni. Baba na mtoto wake aliyekua hawasikilizani maneno ya mapenzi. Si chuki, ni heshima, na ikivunjwa nyumba nzima inaona aibu. Babu na mjukuu hao hutaniana watakavyo, ndiyo maana mimi niliimbiwa jikoni. Na zile nyimbo za Edith karibu zote ni za mapenzi: mtu anamkumbuka mtu, mtu anamngoja mtu. Tena Mzee Stanley alikuwa mzee wa kanisa. Habari zilipomfikia hakugomba. Aliniambia nikipita Homa Bay nimfikishie ujumbe: "Mwambie nimesikia kwamba anaimba. Mwambie pia kwamba sijasikia."

Nilimfikishia. Edith alicheka. Akaniambia kwamba kanisani baba yake humsikia na kusema amina, lakini pale yuko na kwaya, sauti yake iko katikati ya za wengine. Alitaka asikilizwe na baba yake akiwa peke yake. "Siku moja, Babu," akasema. Nikamwuliza hiyo siku itapita mlango gani. Akasema mlango hajauona, lakini haachi kuutafuta. Miaka mingi ilipita hivyo. Kila nilipotoka Homa Bay, Mzee aliniuliza bei ya samaki, hali ya barabara, afya ya wajukuu, na hakuuliza lile lingine.

Edith na Dishon walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1996. Kwenye mazungumzo ya mahari Mzee Stanley aliuliza huyu kijana ana kazi gani. Msemaji wao akasema ana gitaa. Mzee akauliza, "Na ng'ombe?" Akaambiwa wapo. Akasema, "Basi tuanze na hao." Mungu aliwajalia watoto wawili, Emmah na Maxwell. Ndani ya nyumba ile walibishana juu ya kila wimbo, wapi pa kuingia na wapi pa kunyamaza, na sijawahi kusikia wakibishana juu ya kitu kingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Edith alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari wa Homa Bay walisema moyo umepanuka. Alipewa dawa, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Hoteli aliiacha, akaja kukaa hapa Kisegi, lakini kuimba hakuacha. Aliimba ameketi. Pumzi ilikuwa fupi, hivyo akayakata maneno vipande vipande, na Dishon akajifunza upya kumngoja. Alikuwa akisema nyimbo zile sasa ndiyo anazielewa.

Mwezi wa Agosti mwaka jana, Mzee Stanley alisema anataka kumwona mtoto wake. Tulikuja naye asubuhi ili turudi jioni, maana mkwe halali kwa mkwewe. Tulikula, tukaomba. Edith akatolewa nje barazani apate hewa, na Dishon akatoka naye. Mzee akabaki sebuleni, kwenye kiti kilicho chini ya dirisha. Akaniambia safari imemchosha, atafumba macho kidogo. Halafu akasema, "Baba Mdogo, nenda ukakae na mgonjwa. Wewe ni babu yake. Ukitaka akuimbie, akuimbie."

Nikamwambia dirisha liko wazi.

Akasema, "Nimeliona."

Nilitoka nikamwambia Edith kwamba babu yake ana hamu ya wimbo. Akaangalia lile dirisha. Akaniangalia. Akamwambia Dishon ashushe sauti ya gitaa chini, chini zaidi, mpaka pale pumzi yake inapofika. Akaimba wimbo wa mtu anayemwambia mwenzake kwamba hata wakipotezana ataijua sauti yake. Aliuimba kwangu, uso ukiwa kwangu, kama desturi inavyotaka, na sisi sote pale barazani tulijua unakokwenda. Alipomaliza, kuku tu ndio walisikika. Kisha ndani mtu akakohoa, na sauti ya Mzee ikatoka dirishani: "Baba Mdogo, mwambie huyo anayeimba aurudie."

Edith alijifuta uso kwa leso, akacheka mpaka akakosa pumzi, tukamngoja. Akaurudia. Akaimba na ule wa mvua, na mwingine tena. Mzee alipotoka alimwuliza kama amemeza dawa za mchana, akamshika kichwa akamwombea, tukaondoka. Kuhusu nyimbo hakutamka neno. Tulipofika barabarani ndipo akaniuliza kama ile mvua mwishoni ilinyesha au haikunyesha. Nikamwambia hata mimi sijui, hilo Edith huwa halisemi.

Miezi iliyofuata Edith alikuwa mtu mwepesi. Mguu ulivimba na yeye anatania wauguzi. Alifundisha wasichana wawili wa kanisa la hapa jinsi ya kushika pumzi, na Emmah akarekodi nyimbo kumi na moja kwenye simu. Alilala usingizi Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, hospitalini Homa Bay, mumewe akiwa amemshika mkono.

Amemwacha baba yake, Mzee Stanley Omanga. Mumewe, Dishon Oyaro. Watoto wake, Emmah na Maxwell. Mjukuu mmoja, Nyanchoka. Ndugu zake, Wangwe na Bichage, na wake zao. Wifi na shemeji wa nyumba hii ya Oyaro. Kanisa la Waadventista la Kisegi. Na bendi, ambayo sasa inajua kungoja.

Kwenye kikao cha matanga ilizuka hoja, je, baada ya nyimbo za kanisa ile sauti ya kwenye simu ipigwe hapa mbele ya watu? Mchungaji hakukataa. Wote tukamgeukia Mzee, kwa sababu leo hakuna baraza wala dirisha, na baba atakuwa ameketi wazi, macho ya kila mtu yako kwake. Alifikiri kidogo. Akasema, "Pigeni. Na kiti changu mkiweke karibu na spika."

Kiti hicho hapo, mnakiona.

Lala, Bonareri, mpaka asubuhi ile Bwana atakapokuita. Leo baba yako amesikia.