Nilisiriba Kabla ya Kukandika

Shikamooni mama zangu. Dada na wadogo zangu, hamjambo? Mwenyekiti, nashukuru kupewa nafasi kabla sanduku la akiba la kikundi halijafunguliwa. Wengi mnanijua kwa kazi. Mimi ndiye yule binti anayechora mabango ya saluni na vibanda vya chipsi hapa Korogwe, mpaka kule Segera. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama, kuchora, kufuta, kuchora tena. Na hapo kwenye kufuta ndipo nilipoangukia.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi ni mtu wa hofu. Nyoka siwaogopi, naogopa mstari uliopinda. Herufi moja ikiinama, chakula hakipiti. Nikipewa kazi ya kuchora kuku wa kukaanga, napiga miraba kwa rula juu ya picha yake, napiga miraba mingine kwenye bango, halafu nahamisha mraba kwa mraba mpaka kuku atokee kama alivyo. Mteja anasifu, anaondoka amefurahi. Mimi jioni narudi kwa siri kurekebisha paja. Mnacheka, lakini wenye ugonjwa huu humu ndani mnajijua.

Sasa kuna mama mmoja hapa mjini, jina naliacha. Ukoo wao wenye asili ya Kihindi unauza vitambaa tangu mama yangu hajaolewa. Aliniita dukani, akanionyesha ukuta mkubwa mweupe nyuma ya kaunta.

Nikamuuliza, "Mama, nichore nini?"

"Chochote unachotaka, binti."

"Una picha niangalizie?"

"Ningekuwa na picha si ningeitundika?"

Tukacheka wote. Lakini mimi ndani nilikuwa nimeganda. Maisha yangu yote nimechora walichotaka watu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka mimi, na nilipojiuliza mwenyewe, nikakuta sijui.

Nikaanza na maua. Nikayatazama, nikaona yamefanana na ya kwenye sahani, nikayafuta. Nikachora milima, nikaifuta. Nikachora mwanamke amebeba mzigo wa kitambaa kichwani, alikuwa mzuri kweli, ila shingo yake haikunipendeza, nikampaka rangi nyeupe usoni nikiwa nalia. Nilitundika kanga mbele ya ukuta ili wateja wasione. Kila asubuhi yule mama ananiuliza, "Binti, ukuta wangu una mimba? Mbona hauishi kujifunika?" Wateja wanacheka. Mimi nacheka nao, halafu narudi nyuma ya kanga kufuta tena.

Usingizi ulikata. Mikono ikaanza kutetemeka hata nikishika kikombe. Mama yangu akadhani nimerogwa. Mwisho yule mama mwenye duka akaniambia kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angefoka: "Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Kukiwa bado, fundi atapiga rangi nyeupe, na mimi na wewe tutabaki kusalimiana." Nilimwitikia vizuri. Nilipofika nyumbani nikazima simu, nikafunga brashi zangu kwenye mfuko, nikajiambia nikipata wa kumpa nitampa, mimi na kuchora basi.

Nikakimbilia Handeni kwa shangazi. Nilimkuta amealika watu kukandika jiko lake jipya. Fundi alikuwa ameshasimamisha miti na kufunga fito, na udongo umekanyagwa umeiva. Nilifurahi. Nikasema hapa hakuna atakayeniuliza habari za rangi.

Nikachukua kona yangu. Wenzangu wanabeba bonge zima, wanalirusha kwenye fito, paa! Mimi nachota kidogo kidogo, naweka, nachovya kidole kwenye maji, nalainisha. Kona yangu iling'aa kama sahani. Nikarudi nyuma niitazame, nayo ikateleza yote ikanidondokea miguuni.

Kuna mama pale ni mtani wa ukoo wetu. Alikuwa anangoja tu kitu kama hicho. "Njooni mwone msomi wa Korogwe!" akapaza sauti. "Anasiriba kabla hajakandika! Wewe, huu ni ukuta, siyo bwana harusi, unaupapasa wa nini?"

"Nataka utoke vizuri, mtani."

"Kwanza ushike! Uzuri utaukuta mbele ya safari."

Akachota udongo, na mnajua watani, akanipaka kuanzia paji la uso mpaka kifuani. Blauzi nyeupe. Shangazi anapiga kelele, "Mwache mtoto wa watu!" huku na yeye anacheka mpaka kanga inamvuka. Nilisimama nikijua nitalia. Badala yake nikachota bonge langu. Yule mtani akainama, likapita juu ya kichwa chake, likatua ukutani, likashika.

Likashika, ndugu zangu. Nililitazama. Lilikuwa baya, limetawanyika kama jua la mtoto wa chekechea, na vidole vyangu vimeonekana. Halikuanguka. Nikarusha lingine, na lingine. Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa inauma mpaka mabegani, na nikagundua kwamba haitetemeki.

Sitawadanganya kwamba nilirudi Korogwe mtu mpya. Nilirudi na kikapu cha udongo mwekundu na hofu yangu ile ile. Ila kwa mara ya kwanza nilikuwa na hamu ya kujaribu kitu bila kujua kitatokaje. Nilitandaza maboksi uani nikayafanya uwanja wa michezo. Nikachekecha udongo nikauchanganya na rangi nyeupe ya maji. Jirani anayefanya kazi kiwanda cha katani Ngombezi akaniletea nyuzi chakavu, nikazifunga fundo, nikazichovya kwenye rangi na kulichapa boksi. Zinaacha michirizi ambayo brashi haiwezi hata ukiiomba. Nikapaka kwa kiganja. Nikamwaga rangi, nikainua boksi, nikaiacha itiririke inakotaka. Boksi la kwanza lilitoka tope tupu, kwa sababu nilichanganya rangi zote zikiwa mbichi. Mama akauliza, "Hiyo ndiyo dawa uliyopewa Handeni?" Nikamjibu, "Dawa chungu, mama." Nikajifunza kuacha rangi moja ikauke kabla ya kuita nyingine.

Alhamisi nikaenda dukani. Nikamwamkia yule mama, nikamwambia ukweli: sikuumwa, simu haikuharibika, niliogopa. Na ninachotaka kufanya sijui kitatokaje. Akakunja kitambaa alichokuwa anapima. "Sasa angalau umesema," akajibu. "Fanya. Rangi nyeupe bado inauzwa, haijaisha mjini."

Nikaiondoa ukutani ile kanga, nikaanza mbele ya wateja. Nyuzi za katani, udongo, viganja. Mafundi cherehani wa barazani wakanipa mabaki ya vitambaa, nikayachovya kwenye rangi nikayagandamiza ukutani, yakaacha alama za ufumaji wake. Kijana mmoja akauliza, "Dada, unachora au unagombana na mtu?" Nikaendelea. Kisha rangi ya bluu ikachuruzika kutoka juu, ikakata sehemu niliyokuwa naipenda kuliko zote.

Mkono wenyewe ulikwenda kwenye kitambaa cha kufutia. Nikakilowesha, nikakikamua. Ijumaa ni kesho. Nikajua kabisa, kwa uwazi wa ajabu, kwamba nikiufuta ule mchirizi nitafuta na kilicho pembeni yake, halafu cha pembeni ya hicho, na kesho fundi atakuta ukuta mweupe tayari. Nikakifunga kile kitambaa fundo, nikakichovya kwenye rangi ya njano, nikaurushia ukuta.

Njano ikatua juu ya bluu, ikashika. Nikasikia yule mama nyuma ya kaunta anasema, "Haya! Umejifungua."

Siwezi kuwaambia ni picha ya nini. Wapo waliosema ni uchafu, na mmoja aliuliza kama bomba limepasuka. Mama mmoja wa Dindira, kule kwenye mashamba ya chai, aliyekuja kununua shuka, aliweka kikapu chini akasema, "Hii ni asubuhi ya kwetu, ukungu ukiwa bado kwenye chai." Mimi sikuwa nimefikiria chai hata kidogo. Lakini aliona kwao, na fundi wa rangi nyeupe hakuitwa.

Namshukuru yule mama kwa kunipa ukuta na kunipa tena. Namshukuru shangazi, mafundi wa barazani, jirani yangu wa Ngombezi, na mama yangu aliyevumilia ua wake kuwa wa kila rangi. Mtani simshukuru, atavimba kichwa. Na ninyi nawashukuru, kwa maana hofu haijaondoka. Bado nachora kuku kwa rula. Ila kila wiki natenga boksi moja la kuharibu, na kwenye hayo ndiyo nimeanza kujua ninachotaka.

Wewe uliye na kitu unachokisubiri kitoke safi ndipo ukionyeshe, iwe ushonaji, biashara au maneno ya kumwambia mwanao, nakusihi: kirushe kwanza kishike. Kulainisha kutakuwepo.

Desturi yetu, mtu akimaliza kusema huomba radhi kwa alipoteleza. Leo naomba mniruhusu nisiombe. Nilipoteleza, paacheni pabaki hivyo hivyo.