Wa Kukulilia Yupo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza sauti imenikwama. Mnanijua, ni mimi mama wa mashairi wa kanisa letu hapa Gashoho. Ikiwa harusi, mnaniita. Ikiwa kumpokea mchungaji, mnaniita. Lakini leo naogopa.

Mungu ameniokoa na ulimi wangu mwenyewe! Kutunga nilijifunza kambi ya wakimbizi, Tanzania, mdogo wangu akiwa mgongoni. Tuliporudi huku kwetu Muyinga akakua, akawa fundi cherehani, hakuoa, na watu wakaanza kunong'ona eti anapenda wanaume. Mimi niliona aibu. Na mwoga, ndugu zangu, hutangulia kurusha jiwe ili yeye asishukiwe. Siku ya wanawake nikasimama hapa hapa nikasoma shairi hili:

*Ewe usiye na mke, nyumba yako ni upepo,*
*Siku utakapozikwa, wa kukulilia yupo?*

Mlicheka! Mlipiga vigelegele, nami nikavimba kichwa. Sikutaja jina, lakini nani hakuelewa? Wiki haikuisha, watoto wa sokoni wakawa wanaliimba nyuma yake akienda kununua nyuzi. Siku moja wakaliimba na mawe mkononi. Akabeba cherehani yake akahamia mjini Gitega. Hakuniaga.

Mwaka jana baba akafariki. Tukamzika bila kumwita mdogo wangu. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ikafika siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, na kwetu watoto wote wa marehemu huketi pamoja. Baba mdogo akasema, "Ule asikuje! Batu batasema nini?" Mama, ambaye huwa hasemi, akajibu, "Watoto wangu iko wawili. Mi siganduki na mmoja." Akanitazama mimi.

Nikaenda Gitega. Nilimkuta akishona sare za shule, na hakuondoa mguu kwenye pedali. "Dada, umeniletea shairi lingine?" Nikalia, nikaomba msamaha. Akaniambia, "Kunitukana ulinitukana mbele ya watu. Msamaha unaniomba huku tukiwa wawili?" Nikamwahidi kwamba nitamwomba mbele ya watu, na njia nzima ya kurudi naye nikajuta kuahidi.

Nyumbani wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa impeke, ile pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake. Sisi tuliookoka tulikuwa na Fanta zetu. Mdogo wangu aliposogea kukaa, baba mdogo akachomoa mrija wake mtunguni, asinywe naye. Na mzee wa pili. Na wa tatu. Mdogo wangu akabaki ameinamisha kichwa, nami nikaitwa kutoa neno la familia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

Nikakunjua karatasi niliyoandikia shairi. Moyo ukaniambia, shukuru wageni, ukae chini. Nikasema kimoyomoyo, Yesu, nishike, naanguka! Nikafungua kinywa:

*Mimi niliyekubeba, mgongoni tukahama,*
*Wa kukulilia yupo, ni huyu amesimama.*

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikaendelea kwa maneno ya kawaida tu: "Lile shairi la kwanza lilikuwa dhambi, na ni langu. Hayo mnayonong'ona ni yake kuyasema au kuyanyamazia. Lakini hata yakiwa kweli, huyu ni mtoto wa nyumba hii, na Mungu hakukosea alipomuumba." Mama akainuka polepole, akampa mkononi mrija wake mwenyewe. Mdogo wangu akanywa. Baba mdogo akaondoka, na hajanisalimu mpaka leo.

Sisemi kwamba yamekwisha. Kila Jumamosi nampigia simu Gitega, na ikiita bila kupokelewa napiga tena. Juzi mtu alinikuta kisimani akaniambia ninyamaze, la sivyo nitajuta. Usingizi umepungua. Lakini sifa kwa Bwana! Hofu iliyokuwa imenifunga mdomo imeshuka, sasa imebaki magotini. Na nimegundua kwamba Mungu anaaminika hata na mtu ambaye magoti yanamtetemeka.

Haya nayasema kwa ruhusa ya mdogo wangu. Ameniambia, "Dada, lirudishe ulikolianzia." Nililianzia hapa, mbele yenu. Basi nalirudisha. Mtoto wako akiliimba njiani, mwambie aliyelitunga amelikana. Na kama una wa kwako unayemwonea haya, mwite nyumbani kabla hamjaanza kuitana kwenye matanga. Mwamini Mungu, atakupa neno la kusema.

Siku ile mlicheka wote pamoja, kwa hiyo siwezi kulifuta peke yangu. Nani atasimama nami? Nawaona mnatazama chini. Hata mimi nilitazama chini. Hamna haraka, nitangoja. Leo siketi mpaka mmoja wenu asimame.