Ajenda ya Mwisho, Mengineyo: Kumuaga Bi. Roswitha Kappelhoff

Bi. Roswitha Kappelhoff, karani wa daftari la wanachama wa klabu yetu ya soka, SV Hellenbrook, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Uongozi umeijua tarehe hiyo kwa miezi kumi na minane. Mrithi bado hajapatikana. Badala yake tumeahidiwa programu ya simu.

Alianzia kwenye chumba kilichopakana na mahali pa kufulia jezi, na kadi za zamani hadi leo zinanukia sabuni. Amewaandikisha watoto ambao baba zao walikuja mbio kabla hata hawajawapa jina. Barua za kujitoa uanachama zinazoandikwa Jumamosi tukifungwa huziweka kwenye droo hadi Jumanne. Ikifika Jumanne, wengi huwa wameshapiga simu kuomba zichanwe.

Mkutano wetu mkuu hufungwa na ajenda ya Mengineyo, ambapo wazee hulalamikia foleni ya choo. Mwaka juzi, wakati nusu ya wanachama walikuwa uani kwenye jiko la soseji, mwenyekiti wetu, Dkt. Volker Ansorge, aliingiza hapo hoja ya kuitenga timu ya kwanza iwe kampuni na kumpa mwekezaji sauti ya mwisho. Sisi wanachama tungebaki na nembo na foleni ya choo.

"Ni jambo dogo tu la utaratibu," alisema.

Bi. Kappelhoff, aliyekaa mezani kuhesabu kura, aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti, kwenye Mengineyo watu huzungumza. Hawapigi kura. Katiba uliitia saini mwenyewe."

"Bi. Kappelhoff, wewe uko hapa kuhesabu mikono."

"Nimeshahesabu. Hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kunyanyuliwa."

"Rudia, Rosi!" alipaza sauti Mzee Jupp Terhorst kutoka nyuma, kwenye mlango wa uani. "Huku tunatafuna!"

Alirudia. Wote wakaingia ukumbini, uani pakabaki jiko peke yake, na hoja ikaondolewa.

Hoja ilirejea mwaka jana kwa taarifa halali na ukumbi uliojaa, ikaanguka kwa tofauti ya mikono tisa. Uongozi ulimshukuru kwa kumhamishia ofisi ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Hakuandika malalamiko. Sisi tuliokaa naye tulijifunza kumsikiliza akishusha pumzi: kwa ufupi mbele ya jina lililokosewa herufi, kwa urefu mbele ya barua pepe ya mwenyekiti.

Wiki iliyopita ilitufikia ratiba ya mkutano wa leo. Kuagwa kwake kumewekwa chini ya Mengineyo. Aliisoma, akashusha pumzi ndefu kuliko zote, kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Basi hapo hakuna kinachoweza kuamuliwa," alisema.

Ni kweli. Kwa hiyo hatuamui chochote leo, Bi. Kappelhoff, tunazungumza tu, na tunachosema ni asante. Pumzika, upande ngazi chache, ule soseji ikiwa bado ya moto. Lakini Oktoba hoja ya kampuni inarudi tena. Kwa miaka thelathini na moja ulihesabu mikono yetu, na kwa kuwa wewe ndiye mhesabuji, hukuwahi kunyanyua wako. Kadi yako ya uanachama haistaafu. Tumekuwekea kiti safu ya kwanza, na safari hii sisi ndio tutakaokuhesabu.