Siku Malual Aliposhinda Kesi ya Achok

Mwaka mmoja kabla ya kura ya maoni ya kusini kujitenga, Malual alifika kwenye benchi la kahawa pale Hai Cinema akitoka mahakamani. Alikuwa ameshinda kesi, lakini alikaa kama mtu aliyetoka kuzika. Kushoto kwake alikuwa Gatwech, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutafsiri kesi za wazee kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kulia alikuwa Majok, aliyeitwa Nairobi kwa kuwa alikulia huko.

Wote waliijua kesi yenyewe. Mke wa Malual alifariki akijifungua, mume akiwa vitani. Mama wa marehemu, Bilha, alimbeba mjukuu wake Achok mgongoni hadi Uganda, akamlea, akarudi naye mtaa wa Kator. Sasa Achok alikuwa na miaka saba.

— Hakimu amesema ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo mtoto ni wangu, Malual alisema.

— Si nilikuambia? Wakili alijibu. Bibi hana haki hapo.

— Hukumsikia bibi mwenyewe, ndugu yangu. Hakimu alimuuliza anamshikilia mtoto kwa haki gani. Akasema, "Sikumbeba siku tisa kwa sababu nilikuwa na haki. Nilimbeba kwa sababu hakuweza kutembea." Hakimu akavua miwani.

Muuza kahawa alisahau kumimina.

Nairobi ndiye aliyeanza tena, kwa sauti ya chini. Alisema Kenya korti huangalia kwanza mtoto atakaa vizuri wapi, mambo ya ng'ombe baadaye. Wakili akakubali kulegeza kamba: basi wagawane wiki, baba siku nne, bibi tatu. Nairobi akaona hiyo haitoshi.

— Mtoto apigiwe kura ya maoni yake mwenyewe. Muungano ama kujitenga. Na waangalizi wa UN waje Kator.

Wakili alianza kupanga masanduku ya kura yatakaa wapi. Malual hakucheka.

Mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Uganda, Teopista, mgeni kwenye kijiwe hicho, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake. Akamgeukia Malual.

— Baba, huyo mtoto saa hii iko wapi?

Wakili alimtazama Nairobi. Nairobi alimtazama Malual. Bilha alikuwa mahakamani tangu asubuhi, peke yake, na Malual hakuwa amemuuliza mtu yeyote mtoto aliachwa na nani.

Aliweka kikombe chini, akaenda Kator kwa miguu.

Alimkuta Bilha amefika, anamsuka Achok nywele mlangoni. Alikuwa amemfungia nguo zake kwenye kanga, tayari kumkabidhi. Malual alipoona lile furushi, alisimama pale pale.

— Mama, sikuja kumchukua, alisema. Nimekuja anijue kwanza.

Msichana aliinua macho.

— Bibi, huyu ni nani?

Bilha hakusita.

— Ni baba yako. Mletee maji.

Malual aliyapokea kwa mikono miwili kama mgeni, akiwa bado amesimama.